Vitabu Tulivyosimuliana Desemba

Tulipomzika kaka yangu Mutinda, mtoto wa dada yangu alisimama kando ya jeneza akasoma wasifu wake kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza. Aliposema kwamba marehemu alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu, watu waliitikia kwa vichwa, kama wanavyoitikia lolote linalosemwa makaburini. Mimi na dada yangu Kavata hatukutazamana. Yule kijana hakusema uongo. Aliwauliza wazee, nao wakamwambia walichokumbuka. Lakini tangu nilipokuwa darasa la nne hadi siku alipofumba macho, sikumwona Mutinda akishika kitabu, hata cha nyimbo. Kanisani aliimba kwa kichwa. Niliporudi nyumbani kwangu baada ya matanga nilifungua kabati la vitabu kutafuta kitu kingine kabisa, harufu ya karatasi kuukuu ikanipiga usoni, na nikakaa chini sakafuni. Nyinyi mliokuwa watoto miaka ile mtanielewa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika milima iliyo nyuma ya mji wa Wote, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata mama. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye kola safi hata siku ya kulima. Kila Desemba shule zikishafungwa, Mutinda akiwa amerudi kutoka chuo kikuu Nairobi na Kavata kutoka bweni, baba alichukua ufunguo wa darasa la saba akatupeleka huko alasiri moja kabla ya Krismasi. Tuliita Siku ya Vitabu. Kila mmoja wetu alisimama mbele, mahali pa mwalimu, akasimulia vitabu alivyosoma tangu Januari. Hukuruhusiwa kutaja jina la kitabu ukakaa. Ulipaswa kusema mna nani ndani, wanataka nini, na nini kinawazuia. Ukimaliza, baba aliuliza swali moja tu, lile lile kwa kila mtu: "Na kimekuachia nini?"

Mwanzoni tulikuwa sisi tu. Halafu majirani wakaanza kuja, kwanza watoto, kisha mama zao, kwa sababu mama yetu alipika chai ya maziwa kwenye sufuria ya shule na kwa sababu Mutinda alijua kusimulia. Bado naisikia harufu ya darasa lile: vumbi la chaki, chai, moshi kwenye nguo za watu, na jasho la waliotembea kutoka ng'ambo ya bonde. Kavata alisimulia hadithi za wasichana waliopendwa na madaktari, akiruka kurasa ambazo baba hangependa, nasi tulijua mahali aliporuka kwa sababu alikohoa. Mimi nilisimulia vitabu vyangu vya darasani vya sungura na wakulima wavivu, haraka haraka, nikitazama vidole vya miguu. Kisha Mutinda alisimama na watu wakavuta madawati mbele.

Nilikuwa na wazo langu kuhusu vitabu vya Mutinda. Niliamini watu waliokuwamo waliishi Nairobi, na kwamba alikutana nao huko chuoni. Alipotuambia kuhusu mzee aliyepoteza mwanawe vitani, nilimuuliza njiani, "Sasa huyo mzee anakula wapi?" Mutinda hakunicheka. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa jirani." Nikaridhika. Alikuwa kaka wa namna hiyo. Mwaka mmoja nilimuuliza nyota ziko mbali kiasi gani, naye likizo iliyofuata akaniletea kitabu cha nyota kutoka maktaba ya chuo, kizito, chenye picha za rangi kwenye karatasi inayoteleza, na muhuri wa zambarau ukurasa wa kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza na sikuelewa hata nusu. Nilikibeba kwenye kiondo, kikapu changu cha kusukwa, nikienda kuchunga mbuzi, nikakifungua juu ya jiwe, nikanusa.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya vuli haikuja. Tulipanda ndengu na kunde kwenye vumbi na kwale wakafukua mbegu. Kufikia Desemba, wakati milima yetu huwa kijani hadi macho yanauma, ilikuwa na rangi ya ngozi ya punda. Serikali ilileta mahindi ya msaada, yale ya njano yaliyonuka gunia na kufanya ugali uwe na utamu wa ajabu mdomoni. Tuliambiwa ni ya bure. Tulipata debe moja, kisha hatukupata tena, lakini mahindi ya njano hayo hayo yalionekana madukani. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mimi nilidhani yalikuwa ya njano kwa sababu yalikuwa yameiva zaidi ya yetu.

Hata hivyo Siku ya Vitabu ilifanyika. Chai haikuwa na maziwa. Watu walikuja wengi kuliko mwaka wowote, nafikiri kwa sababu hapakuwa na kazi shambani na njaa haipendi kukaa peke yake nyumbani. Chifu mdogo wa eneo letu alikuja pia, kama alivyokuja mwaka uliotangulia, akakaa nyuma karibu na mlango, kofia yake ya kazi kwenye goti. Jirani yetu Mama Nthenya, mjane aliyekuwa na ulimi usiojua breki, alikaa mbele kabisa.

Mutinda alikuwa amekonda. Chuo kilikuwa kimefungwa mapema kwa sababu ya fujo na alikuwa amefika nyumbani kwa lori la mkaa. Alisimama mbele akasema, "Mwaka huu nimesoma vingi, lakini nitasimulia kimoja. Ni chembamba. Rafiki aliniazima."

Ilikuwa hadithi ya bonde moja ambalo watu walilima na kupeleka mavuno yote kwenye ghala la msimamizi, ili awatunzie. Ukaja mwaka wa ukame. Watu wakaenda kwa msimamizi wakiwa na vikapu vitupu. Mutinda aliigiza msimamizi akisimama mlangoni, mikono nyuma, tumbo mbele, na watoto tukacheka. "Msimamizi akawaambia, 'Mvua ni ya Mungu. Msinilaumu mimi.' Wakamjibu, 'Kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini ghala ni la nani?'"

Alinyamaza hapo. Alijua kunyamaza. Na katika ule ukimya Mama Nthenya akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, "Na hii mahindi ya njano? Si tuliambiwa ni ya bure? Mbona mimi nauziwa kwa duka?"

Darasa zima likaangua kicheko, kicheko cha kweli, cha watu ambao hawakuwa wamecheka tangu mvua ikose. Halafu kikakatika vipande vipande, kuanzia nyuma. Niligeuka kuona ni nini. Chifu mdogo alikuwa anakunywa chai yake polepole.

"Hicho kitabu kinaitwa aje?" akauliza.

Mutinda akalitaja jina.

"Na kiko wapi?"

"Kiko Nairobi, mzee."

"Ni kitabu mzuri," akasema chifu mdogo. "Imenifurahisha." Akaweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akatoka.

Nilimtazama baba nikisubiri aulize swali lake. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. "Tuombe," akasema. Tukasimama tukaomba, na watu wakaenda kwao bila kumaliza chai.

Walikuja baada ya Krismasi, asubuhi jua likiwa limeshapanda, kwa Land Rover iliyoacha barabara na kupita katikati ya shamba letu kavu kama vile hapakuwa na mtu aliyelilima. Walikuwa wanaume wa nguo za kiraia, viatu vizuri. Mutinda alikuwa akirekebisha matuta juu ya mlima pamoja na baba, matope hayakuwepo, ni mawe na vumbi tu, na alishuka miguu ikiwa myeupe hadi magotini.

"Wewe ndiyo Mutinda?"

"Ndiyo."

"Vaa shati."

Aliomba anawe miguu kwanza. Wakatazamana, mmoja akakubali kwa kichwa. Mama akachota maji, maji ambayo siku hizo tuliyafuata mtoni alfajiri kwa kuchimba mchanga, akammiminia kwa kikombe, akimsugua kwa kiganja kama mtoto mdogo, mguu mmoja kisha mwingine. Wale watu walikuwa ndani wakitupa vitabu kwenye gunia. Walichukua hadithi za Kavata na kamusi ya baba. Walichukua ramani ya dunia ya shule kwa sababu Mutinda alikuwa amechora juu yake kwa penseli akinifundisha njia za meli. Biblia waliiacha mezani baada ya kuikung'uta kurasa ili waone kama kuna kitu kitaanguka. Kitabu changu cha nyota hawakukiona, kwa sababu kilikuwa kwenye kiondo, kimetundikwa zizini.

Gari lilipoondoka, Mama Nthenya alikuja akilia, na mama akamwambia kwa Kikamba maneno niliyoyabeba kama jiwe: "Wamemchukua kwa sababu ya kitabu."

Hapo ndipo kichwa changu cha mtoto kilipofanya hesabu yake. Shuleni kwetu kulikuwa na kabati moja la vitabu, na mwalimu wa zamu aliwachapa wasiorudisha. Hakukuwa na kosa lingine la kitabu nililolijua duniani. Basi Mutinda alikuwa amekamatwa kwa kutorudisha kitabu cha maktaba, na kitabu chenyewe nilikuwa nacho mimi. Wale watu walikuwa wamekitafuta nyumba nzima wakakikosa. Ilikuwa wazi kabisa. Nilishangaa kwamba watu wazima walilia badala ya kukitafuta.

Siku ya soko mama alienda kuuza mbuzi, nami nikaomba kumsindikiza. Nilibeba kiondo changu. Mbuzi walikuwa wengi sokoni na wanunuzi hakuna, kila mtu akitaka kuuza kabla mnyama hajafa, na mama alipoanza kubishana na mnunuzi nilijipenyeza katikati ya watu hadi kituo cha polisi. Mbele niliogopa, kwa sababu ya bunduki. Nikazunguka nyuma. Huko nilimkuta askari mmoja mtu mzima, shati limefunguliwa vifungo, akipepea jiko la makaa lenye birika.

"Unatafuta nani, mtoto?"

"Nimeleta kitabu cha Mutinda," nikasema. Nilikuwa nimejifunza sentensi hiyo njiani. "Sasa mumwachilie."

"Mutinda gani?"

"Wa Mwalimu. Aliyebebwa na Land Rover."

Aliacha kupepea. Alitazama mlango wa nyuma wa kituo, kisha akanitazama mimi, na aliposema tena alisema Kikamba, chini chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Yuko kwa mbuzi."

Akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Alikifungua akaona muhuri wa zambarau, akapitisha kidole juu yake, akapindua kurasa mbili tatu za nyota. Ndani ya kituo mtu aliita jina, sauti ya amri, na viatu vikasikika vikija juu ya saruji. Yule askari akaondoa birika, akakunja kitabu kwa nguvu hadi mgongo wake ukapasuka, akakisukuma kwenye makaa. Ile karatasi inayoteleza haikushika moto upesi. Ilijikunja kwanza, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya rangi, kisha ikawaka kwa kijani na buluu. Akaweka birika juu yake. Mwenzake alipotokea mlangoni akauliza ni nini kinanuka hivyo, akajibiwa, "Ni makaa mbaya. Na haka katoto kanaomba maji."

Mwenzake aliporudi ndani, yule askari aliinama hadi uso wake ukawa karibu na wangu. Alinuka tumbaku. "Hicho kitabu hakijafika hapa," akasema. "Na wewe hujafika hapa. Umesikia? Kimbia kwa mama yako."

Nilikimbia, na nilikuwa nalia, kwa sababu nilielewa kwamba kitabu sasa hakiwezi kurudishwa tena kamwe, na kwamba kwa hiyo kaka yangu hawezi kuachiliwa. Kwa muda mrefu yule askari alikuwa kwangu mtu mbaya kuliko wote duniani, mbaya kuliko chifu mdogo. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nikiwa nachemsha chai jikoni kwangu, nilipotambua alichofanya. Kitu chochote chenye muhuri wa chuo kile, kutoka nyumba ile, mwezi ule, kingeingizwa kwenye gunia la kesi. Sijui jina lake. Sijui kama aliadhibiwa kwa tendo lile.

Nilimwambia mama kila kitu pale pale sokoni, katikati ya mbuzi. Hakunipiga. Alinivuta akanibana kwenye khanga yake hadi nikakosa pumzi, akisema, "Mwiai, Mwiai," yaani Bwana, Bwana. Alimuuza yule mbuzi kwa bei ya kwanza iliyotajwa ili tuondoke. Jioni hiyo hiyo jua likiwa bado liko, baba alipandisha ngazi kwenye dari akashusha sanduku lake la vitabu vya chuo cha ualimu, ambalo wale watu hawakuliona, akalibeba mikononi hadi chooni. Tulikuwa na choo cha shimo refu, lililochimbwa mwambani. Nilisimama uani nikasikia kila kitabu kikianguka. Kulikuwa na kitambo kati ya kutupwa na kufika. Alipotoka, kola yake ilikuwa imelowa, akaninyooshea kidole bila hasira akasema, "Kuanzia leo mtasoma vya shule tu."

Mutinda alipelekwa kortini Nairobi alasiri moja, bila wakili, akakubali kosa. Baba alifika siku iliyofuata. Alichojua alikisoma kwenye gazeti la mtu mwingine akiwa stendi ya basi: kwamba mwanafunzi alikutwa na hatia kwa maandishi ya uchochezi na amefungwa miaka kadhaa. Kabla ya muhula kwisha baba mwenyewe alihamishwa, kutoka shule aliyoijenga kwa mikono yake na wazazi, hadi shule ya mbali kusini mwa Kitui, ambako alilala kwenye stoo ya vifaa na kuja nyumbani likizo tu. Hakuna aliyemwambia ni adhabu. Kanisani hawakututenga. Walituombea, lakini bila kutaja jina, "familia moja iliyo katika majaribu," na baada ya ibada watu walikuwa na haraka. Mama Nthenya peke yake ndiye aliyeendelea kuja. Alikuja, akakaa, akafungua mdomo, akaufunga. Ulimi wake ulikuwa umeota breki. Desemba ile darasa la saba halikufunguliwa, wala iliyofuata.

Barua za Mutinda zilikuja fupi, maneno yamefutwa kwa wino mweusi hapa na pale na watu wa jela. Kavata alikuwa bwenini, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea mama. Nilisoma kama tulivyofundishwa kusoma darasani, kwa sauti kubwa, nikitua kwenye kila nukta. Siku moja mama aliniomba nirudie sentensi moja, nikairudia, akaniomba tena. Halafu akachukua karatasi akaitazama kichwa chini miguu juu, akairudisha. "Mtoto wangu ananiongelesha na sauti yako," akasema. Wiki hiyo alijiandikisha darasa la ngumbaru. Ulikuwa mwaka wa njaa, hakuna mtu mzima aliyekuwa na nguvu za kujifunza kusoma, na mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko Kavata. Mama alienda mchana baada ya maji, akarudi na chaki kwenye nyusi. Aliandika herufi kwenye majivu kwa kijiti alipokuwa akipika, na ugali ukaungua mara nyingi, nasi tukaula hivyo hivyo.

Alimtembelea Mutinda mara moja tu, kwa kuwa jela ilikuwa mbali sana bara na nauli ilitaka ng'ombe. Aliporudi tulimzunguka. "Yuko aje?" tukauliza.

"Amenenepa," akasema mama.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwonea wivu, Mungu anisamehe, kwa kuwa sisi tulikuwa tukila majani ya kunde yaliyokauka na yeye huko alikuwa ananenepa. Nilieneza habari hiyo shuleni. Miaka baadaye Kavata, ambaye alisomea uuguzi, alinieleza namna mwili wa mtu aliyefungiwa siku nyingi katika seli iliyojazwa maji baridi unavyovimba, uso na miguu, na kwamba ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Alirudi nilipokuwa darasa la saba. Mvua zilikuwa zimesharudi, mahindi yamefika kiunoni, na aliingia uani mchana wa kawaida kwa miguu kutoka barabara kuu, bila mfuko, akiwa amevaa suruali iliyokuwa ya mtu mfupi. Mbwa wetu alikuwa mpya na alimbwekea. Mama alimwosha, akamlisha, akamkalisha kwenye kiti cha baba, lakini Mutinda akakihamisha hadi mahali ambapo angeweza kuuona mlango. Alikuwa mpole. Alichota maji, alikata kuni, alicheka kidogo ukimwambia kitu cha kuchekesha, kicheko kilichofika na kuondoka upesi. Macho yake yalikuwa yameharibika. Alisema kule kulikuwa na taa isiyozimwa, halafu kulikuwa na mahali pasipo na taa kabisa. Zaidi ya hapo hakutuambia. Nilimwona akirudi dukani na sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Aliimimina kwenye mkebe, akakunja lile gazeti maandishi yakiwa ndani, akalikunja tena na tena hadi likawa dogo kama kiberiti, akalitia motoni.

Nilimwonyesha vitabu vyangu vya shule nikidhani vitampendeza. "Uko na bidii," akasema, akaangalia pembeni.

Ndipo Desemba ikafika na baba akaja kutoka Kitui. Alikuwa amezeeka, na shule aliyopelekwa ilikuwa imemla mashavu. Hakusema lolote kuhusu Siku ya Vitabu, wala ufunguo wa darasa la saba haukuwa wake tena. Lakini alasiri moja tulijikuta sote sebuleni, mvua imetufungia ndani, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Land Rover: baba, Kavata, Mutinda kwenye kiti chake, mimi nikichambua ndengu kwenye uteo. Mama aliingia akajikausha mikono kwa khanga. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mgongo umenyooka.

"Mwaka huu," akasema, kwa Kiswahili, kama tulivyofanya sisi Siku ya Vitabu, "mimi nimesoma kitabu."

Baba alivua miwani.

"Ni kitabu ya ngumbaru. Nimesoma yote, toka mbele mpaka nyuma, bila kusaidiwa. Ndani kuna mwanamke iko na mbuzi mbili..."

"Mwaitu." Ilikuwa sauti ya Mutinda, akimwita mama kwa Kikamba. Alikuwa amesimama. Sikuwa nimemwona akisimama haraka namna hiyo tangu arudi. Alikuwa akitazama mlango, kisha dirisha, kisha mlango. Mikono yake ilikuwa imenyooka ubavuni kama ya mtu anayehesabiwa. "Mwaitu, tafadhali. Punguza sauti."

"Ni mbuzi tu, mwanangu," mama akasema. "Ni ya kufuga mbuzi."

"Najua. Punguza sauti."

Baba aliinuka. Nilidhani atamwambia Mutinda akae, atamwambia kwamba mambo hayo yamepita. Lakini alienda akafunga dirisha, akasukuma komeo la mlango, akajaribu kama limeshika. Chumba kikawa giza, na mvua ikasikika zaidi juu ya mabati. Aliketi tena akatusogezea viti kwa mguu, mpaka magoti yetu yakagusana.

"Endelea," akamwambia mama.

Na mama, akiwa ameinama kati yetu, akatusimulia kwa kunong'ona jinsi yule mwanamke alivyomtengea mbuzi mwenye mimba mahali pakavu, na jinsi mwanambuzi anavyopaswa kunyonya saa ile ile anapozaliwa, kabla hajapata baridi.